Moni Mekhala na Ream Eyso: kwa nini jitu halifi?

Mtazamaji: Ndugu zangu, nimetazama ngoma ya kifalme ya Kambodia ambamo Moni Mekhala, mungu wa kike wa bahari, anafukuzwa na jitu Ream Eyso mwenye shoka. Jitu linapofushwa na mwanga na kuanguka, lakini haliuawi. Mbona kisa kinaachwa hivyo?

Mwanafasihi: Kiini cha ugomvi ni shule. Hao wawili, pamoja na mwanamfalme Vorachhun, walisoma kwa mtawa mmoja, naye akawashindanisha kujaza chombo kwa umande. Wenzake walipohangaika na majani, Mekhala alitandaza mtandio wake nyasini usiku kucha, akaukamua asubuhi, akashinda na kupata tufe la kioo lenye nguvu za ajabu. Ream Eyso aliambulia shoka, na tangu hapo analiwinda tufe lile. Mekhala akilirusha, umeme humulika. Jitu likirusha shoka, radi hunguruma. Kisha mvua hunyesha. Jitu likifa, ngurumo itatoka wapi?

Mpenda Ngoma: Naafiki, ila jibu kubwa zaidi limo katika matumizi ya ngoma yenyewe. Ilichezwa kwenye ibada ya buong suong, iliyofanywa chini ya ulezi wa mfalme kuomba mvua wakati wa ukame, kwa hiyo aliyeifuata kama mchezo wa mshindi na mshindwa alikuwa amepotea njia tangu mwanzo. Tazama tena mikono ya Mekhala: vidole vimepindwa kuelekea nyuma, tufe linang'aa kati yake, naye anateleza polepole kana kwamba hafukuzwi na mtu, ilhali jitu, chini ya kinyago, limetanua miguu na kukunja magoti. Kwa desturi ya kasri, hata jitu hilo lilichezwa na mwanamke.

Mtazamaji: Hilo la mwanamke sikulitambua kabisa! Je, mitindo hiyo imeandikwa mahali?

Mpenda Ngoma: Kwa sehemu kubwa ilirithishwa mwilini, mwalimu akinyoosha viungo vya mwanafunzi kwa mikono yake. Ndiyo maana utawala wa Khmer Rouge, wakomunisti walioitawala Kambodia kikatili 1975 hadi 1979, ulikaribia kuifuta: takriban walimu wote wa ngoma hiyo waliangamia. Wachache walionusurika waliifufua kwa kukumbuka, na mwaka 2003 UNESCO ikaitangaza kuwa urithi wa binadamu.