Kaneti ya ATA kwenye simu: vyombo vya taarab, London hadi Rotterdam

Swali: Asalaam alaykum ndugu zangu. Kikundi chetu kinapeleka Rotterdam ganuni, fidla, spika na fulana za kuuza, na baadaye Zanzibar. Nasikia kaneti, ile hati ya forodha ya kuingiza vitu nchi nyingine kwa muda bila kulipa ushuru, siku hizi iko kwenye simu. Karatasi tuiache nyumbani?

Jibu: Waalaykum salaam dada. Msiiache. Bado ni kipindi cha mpito na si kila ofisi ya forodha imeunganishwa. Chemba ya biashara ikishawapa kaneti, ipakueni kwenye programu ya simu ya ICC (Chemba ya Biashara ya Kimataifa). Kabla ya mpaka, chagua shughuli (kutoka, kuingia, kutoka tena au kurejea), kisha weka alama kwenye vitu mlivyobeba safari hiyo tu. Hapo ndipo unapopata msimbo wa QR wa kumwonyesha afisa. Fanyeni mapema, mtandao wa foleni ya feri hautegemeki. Hata akiskani, ombeni mhuri kwenye karatasi.

Kilicho kigumu ni orodha, na simu haikisaidii. "Spika 2" haitoshi: andika chapa, modeli, namba iliyochapwa mgongoni, uzito, thamani na nchi ilikotengenezwa. Kaneti ikishatolewa huongezi kitu. Fulana zitoeni kabisa; kaneti ni ya vitu vinavyorudi, za kuuza zinalipiwa ushuru kwa njia ya kawaida.

Umoja wa Ulaya ni eneo moja la forodha, kwa hiyo hata mkipitia Ubelgiji, jozi moja ya vocha nyeupe (kurasa za kaneti za kuingia na kutoka tena) inatosha. Uswisi na Norway zina zao.

Nyongeza: Kaka kasema kweli, ila tazameni na kishina, kile kipande kinachobaki ndani ya kaneti afisa akichana vocha. Kaneti hudumu hadi mwaka 1, lakini afisa anaweza kuandika tarehe ya kutoka iliyo karibu zaidi, na hiyo ndiyo inayowafunga. Mkikosa mhuri wa kutoka, forodha inaweza kudai ushuru wote na nyongeza isiyozidi asilimia 10. Mna miezi 6 ya kuleta ushahidi kwamba mali ilitoka.

Ganuni na fidla mkizibeba wenyewe kama mizigo ya safari, aghalabu hazihitaji kaneti. Spika zikitangulia kwa lori ndiyo habari nyingine.

Zanzibar kaneti haifanyi kazi, Tanzania haimo kwenye mfumo. Huko ni uingizaji wa muda chini ya sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, kwa dhamana. Ongeeni na wakala kabla mzigo haujapanda meli. Ushahidi wa kutoka Uingereza uhifadhini, mtauhitaji kurudisha vyombo bila ushuru ndani ya miaka 3.