Maji ya Nairobi hayafiki 100, mbona tunawachorea watoto grafu ya kukariri?

Mwalimu wa kemia, Eastlands (ameanzisha)

Walimu na wazazi, habari za jioni. Naomba tujadili kitu kimoja tu leo, ile grafu ya kupasha barafu mpaka iwe mvuke, ile kila mtoto anachorewa ubaoni akianza kemia. Mstari unapanda, unalala pale digrii 0 barafu ikiyeyuka, unapanda tena, unalala pale 100 maji yakichemka, unapanda. Mtoto anaikariri hivyo hivyo, anaulizwa kati ya B na C, pale mstari umelala mara ya kwanza, kunaendelea nini, anaandika kuyeyuka, anapewa alama yake, tunaenda topiki ingine. Halafu siku ya maabara unamwambia achemshe maji, na yuko Nairobi, mita kama 1,700 juu ya bahari, kipimajoto kinapanda kinafika 94 ama 95 kinagoma hapo. Maji yanatokota, mapovu makubwa, dirisha limejaa mvuke. Anaangalia kipimajoto, anaangalia notisi zake, anaandika 100. Nimesahihisha madaftari ya darasa zima yote yameandikwa 100 na hakuna kipimajoto hata kimoja kilikuwa kimefika huko.

Msimamo wangu ni huu: hio grafu isichorwe ubaoni siku ya kwanza kabisa. Mtoto achore yake na namba zake, kuanzia barafu. Akimaliza ndio umuulize mbona mstari wa chini umelala pale pale kitabu kinasema, 0, na wa juu umeshuka. Hapo ndio somo lilipo! Barafu ya Nairobi inayeyuka 0 sawa na ya Mombasa kwa sababu kuyeyuka hakujali sana presha, hata uongeze presha ya angahewa nzima, yaani ile ya usawa wa bahari, kiwango cha kuyeyuka hakisongi hata sehemu moja ya mia ya digrii. Kuchemka ndio kunafuata presha, na hewa ya hapa inasukuma kwa asilimia 82 hivi ya vile inasukuma kule pwani. Mtoto akishaona hivyo viwango viwili, kimoja kimekaa kingine kimesonga, ule mchoro wa presha na halijoto ambao tunasema ni wa chuo kikuu ameshauanza tayari. Mstari wa kuyeyuka uko karibu wima, wa kuchemka umeinama. Si lazima aujue kwa jina.

Najua wengi hamtakubali. Semeni.

Mwalimu, Lang'ata

Mwalimu mwenzangu nakuheshimu lakini hapa umetupeleka mbali. 100 sio uongo, ni kiwango cha kuchemka kwa presha ya angahewa moja na ndio inaulizwa. Mimi nina watahiniwa wa KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, hii mitihani inaisha 2027 na mpaka hio siku kazi yangu ni mtoto apite. Ukimwambia mtoto wa miaka 15 eti kitabu kinasema 100 lakini wewe andika 95, na jirani yake wa Kisumu anapata 96, na wa Limuru 93, siku ya mtihani atakaa pale ajiulize aandike gani. Mpe ya kawaida kwanza akomae nayo, mambo ya presha yaje baadaye.

Mzazi, Rongai

Mimi sio mwalimu ni mzazi tu na wangu yuko Grade 10, amechukua STEM, ile ya sayansi na hisabati. Naomba kuuliza pole pole, hio 95 si ni kwa sababu ya maji yetu ya borehole? Huku kwetu birika ikikaa wiki mbili inakuwa na magamba meupe ndani kama chokaa. Mwanangu ndio aliniambia mwalimu amesema maji yakiwa na uchafu hayachemki vizuri.

Mwalimu wa kemia, Eastlands

Mama asante kwa swali, hilo ndio jibu napata kila mwaka na linanipea kazi. Chumvi zikiyeyuka ndani ya maji zinapandisha kiwango cha kuchemka, hazishushi. Na zinapandisha kidogo sana, maji ya bahari yenye gramu 35 za chumvi kwa lita yanapanda nusu digrii hivi tu. Kwa hivyo kama borehole ingekuwa ndio sababu, kipimajoto kingepita 100. Kimeshuka, so borehole iko innocent, magamba ni shida ya birika.

Na Mwl wa Lang'ata, sijasema mtoto afundishwe 100 ni uongo. Nasema 100 ina masharti na hayo masharti tunayameza. Huyo wa Kisumu na wa Limuru wakikaa meza moja na wangu tunaweka zile namba zao dhidi ya urefu wa mahali kutoka bahari, mstari unajichora wenyewe. Sioni huyo mtoto amechanganyikiwa wapi.

Fundi wa maabara, Kasarani

Niongee upande wa vyombo maana nyinyi walimu mnaingia labu mnakuta kila kitu kimepangwa. Kabla mbishane kuhusu 95 hakikisheni kipimajoto kinasoma vizuri. Ponda barafu, changanya na maji kidogo, koroga, tumbukiza, subiri. Kisome 0. Nina vipimajoto kwa droo vinasoma 2 na kingine kinasoma -1.5, ukimpa mtoto hivyo bila kumwambia, mtajadili presha mpaka kesho na shida ni kioo. Pili msikiache kiguse chini ya bika, chini kuna joto la moto moja kwa moja na kitasoma zaidi. Kining'inizeni.

Halafu lile jaribio la kuyeyusha naftalini na kuipoza mpaka igande. Kwa karatasi za mitihani mstari unalala 80. Sasa shule inaambia mtu apitie dukani anunue zile tembe nyeupe za kuwekea nguo zisiliwe na nondo, tunayeyusha kwa maji ya moto, tunapoza, mstari unalala 53. Darasa lote linasema jaribio limekufa. Halijakufa, nyingi za dukani siku hizi si naftalini, ni daiklorobenzini, na 53 ndio mahali pake. Nakumbuka mwalimu alitaka kuzitupa nikamwambia acha, grafu imekuambia umeuziwa nini. (Fungueni madirisha lakini, hio harufu si ya kuchezea.)

Mwalimu, Lang'ata

Hio ya 53 nimeipenda, nitaiiba. Lakini fundi wewe una barafu kwa labu yako. Kuna shule hapa hapa mjini mtoto 60 kwa darasa, bana za gesi 4, stima ikienda barafu imeisha kabla ya kipindi. Mwalimu afanyeje, asimame dirishani akisubiri?

Mwanafunzi wa uhandisi

Nimetoka high school si muda mrefu so niseme ukweli wa upande wetu. Hio sehemu ya mstari kulala tulikuwa tunadhani moto umezimwa. Si utani. Ukiuliza darasa letu pale kati ya D na E, maji yakichemka, kunaendelea nini, nusu wangekuambia hakuna joto linaingia ndio maana halijoto haipandi, na wengine wangesema mapovu ni oksijeni na haidrojeni zinatoka kwa maji. Tulikuwa na A za kemia na hio ndio picha tulikuwa nayo kichwani. Sasa nasoma mambo ya mvuke na juzi tumeelezewa Olkaria, kule umeme unatolewa kwa mvuke wa ardhini, maji yako chini ya ardhi yamepita digrii 200 na bado ni maji kwa sababu yamefinywa, yakipanda juu kwenye kisima presha inashuka yanalipuka kuwa mvuke, huo ndio unazungusha tabaini. Nilikaa nikajiuliza mbona hii hatukuambiwa Form One, iko tu hapo Naivasha.

Mwalimu wa kemia, Eastlands

Huyu kijana amegusa pale hasa nilitaka kufika, hebu nikae hapo kidogo.

Ile grafu tunachora ubaoni ina kosa kubwa kuliko hio 100. Vipimo vyake. Tunachora ile sehemu imelala ya kuyeyuka na ile ya kuchemka karibu zilingane, kila moja sentimita chache, ndio itoshee ubao. Sasa chukua kilo moja ya barafu ufanye hesabu. Kuiyeyusha unahitaji kilojuli 334. Kuyatoa hayo maji 0 mpaka 100, kilojuli 420 hivi. Kuyageuza yote mvuke, kilojuli 2,260. Ukiwa na moto usiobadilika, kama kutoka 0 hadi 100 kulichukua dakika 10, basi kuyeyusha kulichukua kama 8, na kukausha sufuria kutachukua 54! Karibu saa nzima sindano haijasonga hata kidogo na gesi inaungua tu. Mtoto akichora hivyo kwa vipimo sawa, ile sehemu ya juu inatoka nje ya karatasi inabidi agundishe karatasi ya pili, na nakuambia hakuna anayewahi kuuliza tena kama moto ulikuwa umezimwa. Anauliza hio gesi yote ilienda wapi. Ukishasikia hilo swali limetoka kwa mtoto mwenyewe sasa unaweza kumuelezea kuhusu chembe za maji zimeshikana na lazima zibanduliwe, na kubandua kunakula joto bila kupandisha halijoto. Ukimuelezea kabla hajauliza anaandika tu kwa notisi.

Hata miinuko yenyewe inasema kitu. Barafu inahitaji kama nusu ya joto ambalo maji yanahitaji kupanda digrii moja, kwa hivyo mstari wa barafu unafaa kuwa mkali mara mbili ya ule wa maji. Kwa vitabu vingi nimeona imechorwa kama imepigwa rula moja. Na mhimili wa chini, mara ni muda mara ni joto lililoingia, na mtoto haambiwi kwamba hizo mbili zinalingana tu kama moto haubadiliki. Jiko la makaa linaanza pole pole linashika moto linapoa, jaribu kuchora na hilo uone grafu gani inatoka.

Sasa Mwl umeuliza kuhusu 60 kwa darasa. Ni kweli, na sina bana za kukugawia. Lakini kuchemka hakuhitaji stima wala barafu, na huhitaji makundi 15. Sufuria moja mbele, kipimajoto kimoja kimening'inizwa, mtoto mmoja anasoma kwa sauti kila nusu dakika na wengine 59 wanachora wote. Namba ni moja kwa wote, grafu ni ya kila mtu. Barafu ilete siku ile ipo.

Mama wa kibanda cha chakula, Githurai

Nimesoma yote nikacheka. Walimu hio 95 sisi tunailipia kila siku. Mimi napika githeri na maharagwe ya kuuza, shemeji yangu yuko Mombasa anapika vile vile, hio hio maharagwe, ya kwake inaiva mapema kuliko yangu na tunatumia sufuria sawa. Nilikuwa nafikiri ni mbegu. Nikaongeza moto, nikaongeza gesi, wapi. Nilinunua sufuria ya presha ndio nikapumua. Na bado sijaelewa, nikiongeza moto kwa nini isiive haraka??

Mwanafunzi wa uhandisi

Mum kwa sababu ukiongeza moto maji yanakauka haraka lakini hayapandi digrii, yako kwenye hio sehemu imelala wanaongelea hapa. Maharagwe inaivishwa na halijoto, haijui umefungua gesi ngapi. Sufuria ya presha inafungia mvuke ndani, presha inapanda, na kiwango cha kuchemka kinapanda nayo kinapita 110. Yakishaanza kutokota we punguza gesi, itaiva saa ile ile na utaokoa pesa. Na ukitaka kuona ingine guza mtungi wako ukiwa umepikia muda mrefu, utakuta umepoa na unatoa jasho. Ndani gesi iko kama majimaji kwa sababu imefinywa, propani yake kwa presha ya kawaida inachemka digrii 42 chini ya sifuri, so ukifungua inachemka hapo ndani na joto la kuchemka inalichukua kwa mtungi wenyewe.

Mama wa kibanda cha chakula, Githurai

Ngai. Hio gesi nimechoma miaka yote. Sawa mwanangu asante.

Mwalimu, Lang'ata

Haya, huyo mama ameelewa presha kwa dakika mbili na mimi nilikuwa nasema iwekwe baadaye. Hapo nanyamaza kidogo. Lakini sijatoka kwa msimamo wangu wote, mchoro wenyewe wa presha na halijoto, ule una nukta ambapo barafu, maji na mvuke vinakaa pamoja, digrii 0.01 na presha ya paskali 611, huo usiletwe kwa mtoto wa mwaka wa kwanza. Nimeona watu wakikimbilia kuonyesha vile barafu kavu (kabonidioksaidi iliyoganda) inaruka majimaji inaenda gesi moja kwa moja pale -78, na ukiuliza kwa nini hawawezi kukuonyesha kwenye mchoro kwamba hio nukta ya kabonidioksaidi iko juu kwenye angahewa 5, na sisi tunaishi chini yake. Inakuwa kukariri kwingine tu, kwa picha ngumu zaidi.

Mwalimu wa kemia, Eastlands

Hapo tuko pamoja kabisa. Namba zake kwanza, mchoro mkubwa ukifika ufike akiwa na swali.

Mzazi, Rongai

Sasa mimi niwaulize hivi kabla mlale. Mtihani wa muhula huu mwanangu akiandika 95 na mwalimu wake amkate alama, nije kwa nani, kwako ama kwa wa Lang'ata?

Mwalimu wa kemia, Eastlands

Njoo kwangu mama. Lakini kwanza angalia swali limesema presha gani, na uangalie kando ya hio 95 kama ameandika ameipimia wapi. Kama hakuandika, mwalimu wake amemkata vizuri.