Wanafunzi wa darasa la sita wasiosoma vizuri: magofu ya Kaole yatasaidia, au itakuwa matembezi tu?

MwalimuPwani
Habari za kazi walimu wenzangu. Nafundisha Kiswahili na Historia ya Tanzania na Maadili, darasa la sita, huku Bagamoyo. Nina wanafunzi kama kumi na tano ambao bado wanasoma kwa kubahatisha silabi, na utoro umeanza kuota mizizi. Nafikiria kuwatoa hao peke yao niwapeleke Kaole, kwenye magofu ya misikiti na makaburi ya kale, kwa kuwa tunaweza kwenda kwa miguu. Wafanye nini pale ili isiishie kushangaa tu? Na nitajuaje kama wamefaidika? Hela hakuna.

KambaNaRula
Mwalimu, nenda, lakini usiwatoe hao peke yao. Kabla ya mapumziko shule nzima itakuwa inajua kwamba ni safari ya wasiojua kusoma, na mtoro atapata sababu nyingine ya kubaki nyumbani. Peleka darasa mchanganyiko, makundi ya wanne wanne. Wakizidi 40 gawa zamu mbili. Ila hao kumi na tano kaa nao siku moja kabla, vipindi viwili mfululizo, uwafundishe kazi yenyewe. Wafike Kaole wakijua kitu ambacho wenzao hawakijui, ili wenzao ndio wawaulize. Ukikosa hiki, yote mengine ni kutembea juani.

Kazi yenyewe ni kupima. Tafuta kamba ya katani ya mita 10, moja kwa kila kundi. Nailoni iache, ukiivuta inarefuka. Kila mita funga kitambaa cha rangi kwa uzi. Usipige mafundo, kila fundo linakula kamba na ukifika alama ya kumi vipimo vimeshapotea. Waanze na ukuta wa darasa: wapime, wachore kwa skeli ya sentimita 1 kwa mita 1, halafu wapime tena kuhakiki. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya sentimita 20, kamba ililegea katikati au mmoja alisogea.

Pale Kaole chagua msikiti mmoja na kaburi moja lenye mnara, basi. Msikiti mkongwe unahesabiwa kuwa wa karne ya 13, na kundi moja linaweza kuumaliza kwa dakika 50: urefu, upana, unene wa ukuta, upana wa mlango. Majukumu ni manne: mshika kamba, msoma kipimo, mchoraji, mwandishi. Asiyesoma vizuri aanze na kamba au kipimo, lakini mkihamia kaburini lazima ahame. Akibaki mshika kamba hadi mwisho, umempa kazi ya kumficha.

Wasipande kuta, wasiegemeze kamba kwenye plasta, na hakuna kuokota hata kigae kimoja. Mambo ya kale yanalindwa kwa sheria tangu 1964, na kigae kilichohamishwa hakimwambii tena mtu yeyote kilitoka wapi. Waonyeshe jiwe kwa karibu: wakisogeza macho wataona vijitundu vyenye umbo la nyota. Ni tumbawe. Waulize limetoka wapi, halafu nyamaza. Watoto wa wavuvi watakujibu wenyewe.

Kisima
Naongeza zoezi moja la kibla, yaani upande wa Makka ambako Waislamu huelekea wakisali. Simamisha fimbo ya mita 1 kwenye uwanja tambarare, weka kokoto kwenye ncha ya kivuli. Baada ya dakika 20 weka kokoto ya pili. Mtoto akisimama mguu wa kushoto kwenye kokoto ya kwanza na wa kulia kwenye ya pili, anatazama kaskazini. Sasa atazame mihrabu, kile kishubaka cha ukutani msikitini kinachoonyesha kibla, imeelekea wapi. Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja kutoka Bagamoyo, kwa hiyo vitu viwili hivyo vinakutana mbele ya macho yake bila wewe kusema neno. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita linapita karibu na utosini, kivuli kinakuwa kifupi mno; fanya saa nne. Fimbo iwe juani, watoto wawe kivulini.

Mwongoza wageni mwombe mapema aongee dakika 10 tu, tena *baada* ya watoto kupima. Akitangulia yeye, kila kitu kimeshajibiwa na makundi yatanakili bango.

SilabiKwanza
Upande wa kusoma, kazi inafanyika kesho yake, usiache ipite wiki. Kila kundi litamke sentensi nane hadi kumi kuhusu walichokifanya, wewe uandike kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila. Andika maneno yao. Sahihisha tahajia, usigeuze "tulivuta kamba ikagoma" kuwa sentensi ya kitabu, ukigeuza, hawatoitambua. Wasome pamoja, kisha kata vipande vya sentensi, wapange upya, kisha kata maneno. Hapo una silabi ngumu zenye maana kwao: *nguzo, mlango, kibla, mnara, tumbawe*.

Kuhusu kupima maendeleo: usiwapime kwa maandishi hayohayo, watakuwa wameyakariri. Tunga aya mpya ya maneno 60 ukitumia maneno ya aina hiyo, kama nguzo na mlango, hesabu maneno yaliyosomwa sawasawa kwa dakika moja. Pima kabla ya safari na wiki mbili baadaye. Na daftari la mahudhurio liangalie siku ya kamba, siku ya manila, na siku ya kawaida.

MwalimuPwani
Ahsanteni sana. Nikitaka waongee na wazee wa mjini kuhusu vita vya Bushiri dhidi ya Wajerumani na biashara ya utumwa?

Kisima
Vita vya 1888–1889 anza navyo, wazee wengi wanapenda kuvieleza. Watoto wajue tarehe moja kabla: Bushiri bin Salim alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Maswali matatu kwa kundi, yakaririwe, ili asiyesoma aweze kuuliza bila karatasi. Shikamoo kwanza, ruhusa ya kurekodi pili, na mzee asizidishiwe dakika 15.

Utumwa ni jambo la tahadhari. Bagamoyo zipo familia ambazo babu zao waliletwa na misafara, na zipo zilizowamiliki, na wote wanasali msikiti mmoja. Swali kuhusu ukoo wa mtu marufuku. Waulize kuhusu mahali: misafara ililala wapi, mizigo ilipimwa wapi, maji yalitoka kisima gani. Na mtangulie wewe kwa mzee siku moja kabla, peke yako, umsomee maswali yote matatu; asilotaka liondoke.