Tupeane uzoefu: unapokaribia kustaafu, bima ya afya umeipangaje? (Kigoma na Tabora)

Mwalimu wa Gungu

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kigoma, mwakani natimiza miaka 60 na barua ya kustaafu kwa lazima inakuja. Tukikaa ofisini na wenzangu wa rika langu, maongezi ni kikokotoo cha mafao, mkupuo wa asilimia 40 unaolipwa mara moja, kiwanja, bajaji, kuku wa mayai. Sijasikia anayeuliza atatibiwa kwa kadi gani. Kwangu mimi hilo ndilo la kwanza, maana nina sukari, mke wangu ana presha, na mama yangu mzazi yumo kwenye kadi yangu kama mtegemezi.

Nimekatwa asilimia 3 ya mshahara tangu Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kazi mwaka 2001, na mwajiri akaweka 3 yake. Wengi wananiambia, "Usihangaike, utaendelea tu." Nataka kujua hilo "utaendelea" lina nini ndani yake. Waliostaafu semeni, na wake na waume zao, na watoto wao. Hata ambao hawakuwahi kuajiriwa serikalini, karibuni. Ila naomba yaliyowapata wenyewe.

Nesi Mstaafu, Tabora

Mwalimu, hongera kwa kuuliza mapema. Ni kweli utaendelea, na hutakatwa tena. Lakini anayeendelea ni wewe na mwenza wako, basi. Wategemezi wanatoka. Mwajiriwa anaandikisha mwenza na wategemezi wanne; ukishakuwa mstaafu hao wanne hawamo. Mwanangu wa mwisho alikuwa chuo nilipostaafu, na akaugua malaria kali muhula uleule. Tulilipa.

Jambo la pili: hiyo kadi ya mstaafu haiji nyumbani kwa miguu yake. Nilipeleka barua ya kustaafu, hati ya mshahara wa mwisho, picha zetu wawili, nikarudisha kadi za zamani. Fanya hayo ukiwa bado unafahamiana na afisa utumishi wako, wakati faili lako liko mezani kwake. Akihamishwa yeye, au ukihamia kijijini wewe, kila karatasi inakuwa safari.

Miaka niliyokaa wodini nimeona wazee wengi wamesimama dirisha la bima, kadi mkononi, mfumo unasema mwanachama hayupo hai. Mtu ana sukari ya 20 na anaambiwa aende akashughulikie kadi kwanza. Sipendi limkute mwalimu aliyefundisha watoto wa watu miaka 30.

Mwalimu wa Gungu

Asante sana mama. Kwa hiyo mama yangu anatoka. Ana zaidi ya miaka 80 na miguu inavimba. Hilo sikulijua.

Binti wa Ujiji

Shikamoo mwalimu. Kuhusu bibi, mama yako, sisi tulipitia hapohapo. Mama yetu alikuwa kwenye kadi ya kaka mkubwa aliyekuwa halmashauri. Kaka alipokaribia 60 tukaitana kikao cha familia, tukamhamishia mama kwa mdogo wetu ambaye ni mwalimu wa msingi huko Uvinza na ana watoto wawili tu. Mzazi anaruhusiwa kuwa mtegemezi, sharti mwanachama awe na nafasi kati ya zile nne.

Siri yake ni kuhamisha kabla. Kaka alimtoa, mdogo akamwingiza, mama akakaa bila kadi kwa muda mfupi tu, na tulikuwa tumeshamchukulia dawa za kutosha. Tungengoja hadi baada ya sherehe ya kaka kuagwa, mama angekaa nje wakati mdogo anahangaika na fomu. Angalia nani katika ndugu zako bado yuko kazini, mwalimu, na uulize mapema kama ana nafasi. Wengine wameshajaza wakwe.

Mke wa Mtu wa Reli

Naandika ili lisimpate mwanamke mwingine. Mume wangu ametumikia stesheni za reli ya kati, Tabora mpaka Kigoma, maisha yake yote ya kazi. Ndoa tulifunga msikitini Ujiji, shehe akaandika, mashahidi wakatia saini, cheti akakihifadhi baba mkwe ambaye sasa ni marehemu. Miaka yote ya kazi nilitibiwa bila shida na sikuwahi kuulizwa kitu.

Alipostaafu ikatakiwa mwenza athibitishwe. Cheti hakionekani. Kitambulisho changu cha NIDA kina jina la baba yangu. Faili la kazini kwake limeniandika kwa jina la ukoo wake yeye. Kadi ya zamani ina herufi tofauti na vyote viwili. Kwa karatasi nilikuwa wanawake watatu. Kila meza ilinipeleka meza nyingine, na hakuna aliyenitukana, lakini muda wote huo dawa zangu za moyo tulinunua kwa pesa taslimu, na pesa yenyewe ndiyo ule mkupuo tuliopanga kumalizia nyumba. Bati lilisubiri.

Tulikomboka kwa njia hii: tulikwenda Bakwata, ofisi ya baraza la Waislamu ya wilaya, wakatafuta kumbukumbu za ndoa, tukapata nakala. Kisha nikaapa mahakamani kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Baada ya hapo kadi ikatoka. Wanaume mlioko kazini, leo jioni mwambieni mkeo alete kitambulisho chake, kiwekeni kando ya kadi ya bima na cheti cha ndoa, msome herufi moja moja. Na mliooana kimila bila karatasi yoyote, msisubiri uzee. Mke wa mstaafu ndiye atakayekaa na hiyo kadi miaka mingi, kwa kawaida sisi tunabaki nyuma.

Mtu wa Tumbaku, Urambo

Mimi sikuwa serikalini. Kampuni iliyoniajiri ilituwekea bima binafsi, nzuri kweli, unatibiwa hospitali za kulipia Mwanza na Dar es Salaam bila kutoa senti. Mkataba wangu uliisha mwisho wa mwezi na bima ikaisha siku hiyohiyo. Pensheni ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ninapata, ila pensheni siyo kadi.

Nikaenda kuulizia vifurushi vya kujiunga kwa hiari. Wakati ule vilikuwa Najali Afya, Wekeza Afya na Timiza Afya, vilivyozinduliwa mwaka 2019. Bei ilipangwa kwa umri: kijana wa miaka 18 hadi 35 alianzia shilingi 192,000 kwa mwaka, na sisi wa 60 na kuendelea tulikuwa kundi la bei ya juu kuliko yote. Baadhi ya huduma zilikuwa na muda wa kusubiri, umelipa lakini bado huruhusiwi kuzitumia. Mimi nilikuwa na mtoto wa jicho ananisumbua, nikasubiri.

Ningemshauri mtu wa sekta binafsi aanze kifurushi chake akiwa bado na mshahara, hata kama bima ya kampuni ipo. Ule muda wa kusubiri uishe huku bado unatibiwa kwa ile nyingine. Wenzangu waliona ni kulipa mara mbili. Mimi naona ni kununua nafasi.

Wa Igunga

Mmesahau CHF, na ilizaliwa kwetu! Majaribio ya Mfuko wa Afya ya Jamii yalianza Igunga mwaka 1996, kabla hata ya huo mfuko wa watumishi. Baba yangu alikuwa mkulima wa pamba, hakuwahi kuona hati ya mshahara, na kadi ya kaya ndiyo iliyomtibu mpaka mwisho.

Nawaambia wastaafu wenye kadi kubwa wasiidharau. Mwalimu, wewe na mkeo mtakuwa na kadi, lakini nyumbani kwako wataishi nani? Mstaafu haishi peke yake. Wajukuu wataletwa, mtoto aliyekosa kazi atarudi, mtoto wa ndugu atakuja kusoma. Hao wote hawamo kwenye kadi yako. CHF iliyoboreshwa niliilipia shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita; mwandikishaji alikuja nyumbani na simu yake, akatupiga picha, akamaliza. Ilianzia zahanati na kwa rufaa ilikufikisha hospitali ya rufaa ya mkoa. Haikuvuka hapo, na hilo lazima lijulikane. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa Bungeni Novemba 2023 na mambo yanabadilika, kwa hiyo uliza utaratibu na bei ya sasa kwa mtendaji wako kabla hujapiga hesabu.

Mzee wa Kibirizi

Mimi ni mtu wa dagaa. Sijaajiriwa, nimejiajiri ziwani tangu ujana. Sera ya afya ya mwaka 2007 inasema mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure. Nilikwenda kwa mtendaji, nikaandikwa, nikapewa kitambulisho cha mzee. Kumwona daktari kweli sikulipa, na dirisha la wazee lipo, vijana wananipisha. Dawa ndiyo kazi. Kwenye kituo kimoja, sikitaji, nimeambiwa zaidi ya mara moja, "Mzee, hii hatuna, kanunue duka la nje." Sasa bure yangu iko wapi?

Nikalipia CHF juu yake mwaka uliofuata. Vijana wangu wa mtumbwi nao nimewalazimisha wakalipie wakati mwezi ni giza na dagaa wanatoka. Mwezi ukiangaza hakuna mwenye hela.

Nesi Mstaafu, Tabora

Mzee wangu wa Kibirizi amegusa penyewe. Mwalimu, nikuulize: ukistaafu utaishi wapi?

Mwalimu wa Gungu

Mpango ulikuwa kurudi kijijini, ndani kabisa, mbali na mji wa Kasulu. Shamba la baba lipo, migomba na michikichi.

Nesi Mstaafu, Tabora

Basi hesabu yako ianzie hapo. Kadi ni ileile ukiwa Gungu au kijijini, ila kijijini itakufungulia zahanati, na dawa ya sukari unayotumia huenda zahanati haina. Ukiwa mjini Kigoma, hospitali ya mkoa ya Maweni ni karibu. Ukiwa Kasulu mjini, hospitali ya Kabanga siyo mbali. Na ukipewa rufaa kwenda hospitali ya Bugando, bima italipa matibabu; nauli ya kwenda Mwanza, chakula na mahali pa kulala kwa atakayekusindikiza ni mfuko wako. Nimeona watu wa Kigoma wakirudi na barua ya rufaa nyumbani kwa kukosa nauli, na kadi ziko hai. Katika ule mkupuo tenga fungu la safari ya rufaa, ulikalie kimya, hata watoto wasijue.

Halafu wewe na mama watoto hamieni kliniki ya huko mtakakoishi miezi kadhaa kabla. Ombeni muhtasari wa matibabu kwa daktari anayewajua. Daktari mpya asianze kubahatisha dozi.

Mwalimu wa Gungu

Nimezungumza na mke wangu usiku huu. Shamba litalimwa na vijana, sisi tutatafuta nyumba Kasulu mjini. Na cheti cha ndoa kimepatikana kwenye sanduku, ila jina lake limekosewa herufi, kama alivyosema mama wa reli. Tunaanza na kiapo.

Binti wa Ujiji, mdogo wangu yuko idara ya maji na ana nafasi. Mdogo wenu alitumia karatasi gani kumwandikisha mama?

Binti wa Ujiji

Cheti chake yeye mdogo cha kuzaliwa, chenye jina la mama, pamoja na kitambulisho cha mama na picha. Mwulize mdogo wako kama cheti anacho na kama jina la bibi limeandikwa sawa na kwenye kitambulisho. Kama hana, aanze ofisi ya mkuu wa wilaya sasa hivi, maana sisi hicho ndicho kilichotuchelewesha kuliko vyote.