Wanataka kukodi kiwanja changu Nyakato waweke makontena ya betri za umeme, nisaini?

Mama Buzuruga: Wakuu, heshima kwenu. Nina kiwanja Nyakato, Mwanza, nilikuwa nimepanga kujenga vyumba vya kupangisha. Kaja dalali na mwekezaji, wanataka kukodi miaka 20. Wanasema betri zitachaji usiku wa manane, kisha jioni watu wakiwasha taa na pasi zirudishe umeme kwenye gridi. Pesa nzuri, tena wametaja kwa dola. Tatizo, nyumba ya jirani iko hatua chache kutoka mpakani na ana watoto wadogo. Ushauri tafadhali.

FundiGridi: Mama, mradi wenyewe una maana. Betri ikikaa mjini, karibu na kituo cha kupoza umeme, inapunguza mzigo saa za jioni bila kuvuta laini mpya. Ila uliza ni betri aina gani. LFP, yaani za lithiamu, chuma na fosfati, zinastahimili joto kuliko zile za nikeli na kobalti, ingawa nazo zinaungua. Seli moja ikichemka inaichemsha ya pili, na huwezi kuizima kama moto wa kuni. Mara nyingi zimamoto wanamwagia maji makontena ya jirani tu, lililoshika wanaliacha liishe lenyewe.

Ngosha: Arizona mwaka 2019 wazimamoto walifungua mlango wa chumba cha betri, gesi iliyojikusanya ndani ikalipuka, wakajeruhiwa vibaya. Moss Landing, California, Januari 2025, betri zilikuwa zimepangwa ndani ya jengo la zamani la mitambo, watu zaidi ya elfu moja wakahamishwa. Bora makontena ya nje yaliyoachiana nafasi. Sasa kiwanja chako kina nafasi hiyo? Na maji ya kuzimia yataishia wapi? Mvua ya kawaida tu inateremsha kila kitu mto Mirongo mpaka ziwani.

Dalali Mstaafu: Kwanza, tangu Machi 2025 kutaja bei kwa dola ndani ya nchi ni kosa. Hapo tu ningewatilia shaka.

FundiGridi: Kontena moja la futi 20 la siku hizi linaweza kufika tani 40. Kapime njia yenu ya kuingilia kabla ya kupima pesa. Halafu feni za kupozea zinanguruma usiku kucha. Omba cheti cha tathmini ya mazingira, mchoro uliopitiwa na Zimamoto, matokeo ya jaribio la UL 9540A linaloonyesha moto wa seli unavyosambaa, na kifungu kinachosema nani ataondoa betri zikichoka.

Mama Buzuruga: Nimempigia dalali sasa hivi nikamuuliza kama ni LFP. Kanijibu, "Mama, ni za kisasa."

Ngosha: 😂 Endelea na vyumba vyako, mama. Wakirudi na makaratasi, tupia hapa tuyasome.