Naomba ushauri: kipeuo cha tatu cha namba hasi kwenye SymPy

Ndugu wanachama, naomba ushauri kwa wenye uzoefu na programu za aljebra.

Naandaa mazoezi ya wanafunzi kwa kutumia SymPy (maktaba ya Python ya kukokotoa aljebra kwa alama). Nikiandika root(-8, 3), jibu ninalopewa si -2 bali 2*(-1)**(1/3) (alama ** ni ya kipeo), na nikiipa amri ya kulipanua jibu hilo kama namba changamano, linakuwa 1 + i√3 (i ni kipeuo cha pili cha -1). Sababu yake naielewa: namba -8 iko kwenye pembe ya digrii 180 kutoka upande chanya wa mstari wa namba, programu huigawa pembe hiyo kwa 3 ikapata digrii 60, na hicho ndicho kipeuo kinachohesabiwa kuwa kikuu. Amri ya real_root(-8, 3) hutoa -2 bila shida, na kutatua mlinganyo x³ + 8 = 0 huleta majibu yote matatu.

Kinachonisumbua hasa ni grafu. Mchoro wa x**(1/3) hauonyeshi chochote upande wa hasi, ilhali mwanafunzi aliyefundishwa namba halisi peke yake anatarajia mkunjo kamili unaopita kwenye sifuri, na ana haki ya kuutarajia.

Je, mnashauri nitumie real_root kila mahali mpaka wafike kwenye namba changamano, au niwaachie waone jibu la programu mapema, pamoja na maelezo ya pembe? Binafsi naegemea njia ya pili, ila nahofia wanaoanza watadhani -2 ni jibu lisilo sahihi. Mliokwisha kufundisha mada hii, mlianzia wapi?