Amri ya mail hailalamiki ila imeili haifiki

kijana_wa_seva:
Wakuu habari za muda huu. Nina seva ya Ubuntu, kila usiku skripti inafanya bakap ya databesi, sasa nataka ikimaliza initumie imeili nijue imeenda au imekwama. Nimeweka mailutils (kifurushi chenye amri ya mail) nikapiga hii:

`echo "Bakap tayari" | mail -s "Bakap" anwani-yangu`

Inarudi kimya tu, ila inbox hakuna kitu, hata kwenye spamu hamna. Shida iko wapi?

mzee_wa_shell:
Mkuu, mail yenyewe haisafirishi kitu, inamkabidhi sendmail, yaani programu ya kusafirisha imeili iliyoko kwenye mashine, kwako nadhani ni Postfix, halafu inaondoka zake, ndo maana hujaona kosa. Piga `mailq` uone foleni, kisha `tail /var/log/mail.log`. Ukikuta "Connection timed out" ujue poti 25 (mlango ambao seva hutumia kutumiana imeili) imefungwa, wakodisha seva wengi wanaifunga kwa ajili ya watuma spamu, hapo hata ukeshe haitoki.

kijana_wa_seva:
Aisee mailq imejaa na zote ni hiyo hiyo timed out. Natokaje sasa? Kuendesha seva nzima ya imeili kisa ujumbe mmoja wa usiku naona kazi.

dada_linux:
Wala usihangaike na Postfix, itoe, weka `msmtp` na `msmtp-mta`. Hiyo inaingia kwenye akaunti yako kama app ya simu inavyoingia, kwa poti 587. Faili la `~/.msmtprc`:

```
defaults
auth on
tls on
account gmail
host smtp.gmail.com
port 587
from anwani-yako
user anwani-yako
password nywila-ya-app
account default : gmail
```

Kisha `chmod 600 ~/.msmtprc`, bila hivyo inagoma kulisoma. Nywila yako ya kawaida Gmail hawaikubali hapo, washa kwanza uthibitisho wa hatua mbili ndo utengeneze nywila ya app, ni herufi 16. Amri yako ya mail inabaki vile vile.

mzee_wa_shell:
Naongezea, kama skripti iko kwenye cron (kinachoendesha kazi kwa ratiba) ya root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, basi hilo faili la kwenye home yako halitaonekana, liweke `/etc/msmtprc`, maana wengi wanajaribu kwa mkono inaenda halafu usiku kimya. Na tuma kila siku hata bakap ikienda vizuri, ukisema itume ikifeli tu, siku cron yenyewe imekufa utajuaje?

kijana_wa_seva:
Imeingia, asanteni sana! Na nikitaka kuambatisha log?

dada_linux:
Kwa mailutils ni `-A` kubwa. Ukihamia mashine yenye s-nail (toleo jingine la mail) ni `-a` ndogo, na kwenye bsd-mailx (toleo jingine tena) hiyo `-a` inaongeza heda tu, vurugu tupu. Mimi natumia mutt, programu nyingine ya imeili:

`mutt -s "Bakap" -a bakap.log -- anwani < ujumbe.txt`

Hizo dashi mbili usiziache, mutt itadhani anwani nayo ni faili la kuambatisha.